Hodi ya Saa Saba Mchana

Hodi ya kwanza ilibishwa Jumamosi, tarehe 15 Juni 1974, saa saba na dakika chache mchana, na Sadoki aliijibu kama ambavyo angeijibu mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

Hakuweza kufungua mlango. Alikuwa gizani, ameushika utepe wa filamu kwa ncha zote mbili, akiupitisha katika beseni la dawa, mkono mmoja juu, mwingine chini, na mwanga kidogo tu ungeziunguza picha zake zote kumi na mbili. Basi akapaza sauti: "Karibu! Ila ningoje kidogo hapo nje."

Aliyebisha hakusema neno. Kazi ilipokwisha Sadoki akafungua. Uani alikuwapo Bi Kulsumu peke yake, mama wa rafiki yake Lukmani, akipeta mchele.

"Shikamoo, mama. Nani alinibishia hodi?"

"Marahaba. Sikuona mtu."

Kwa kawaida Bi Kulsumu hakumwacha Sadoki apite bila kumtania kwamba Wanyakyusa huota migomba masikioni. Siku ile hakumtania, wala hakuyainua macho kutoka kwenye ungo.

Huyo Sadoki, mwana wa Andwele, alikuwa mzaliwa wa Rungwe, karani wa ardhi, aliyehamishiwa Sumbawanga mwanzoni mwa mwaka 1972 akiwa hamjui mtu. Kamera aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, na kamera hiyo ndiyo iliyompatia marafiki wawili. Wa kwanza alikuwa Lukmani bin Uledi, mwenye duka karibu na soko. Wa pili alikuwa Mwalimu Zenon Silanda, Mfipa, kapera, mcheshi. Sadoki hakuwapiga picha za kusimama wima na kukunja uso. Aliwapiga alivyowakuta: Zenon akiziba pancha ya baiskeli, Lukmani akipima sukari, mkewe Hamisa akipuliza moto kwa macho yaliyojaa moshi. Nyuma ya kila picha aliandika kwa wino majina na tarehe.

"Picha gani hii, mtu anakula maharage?" Zenon aliwahi kulalamika. "Ungeniambia, ningevaa koti."

"Koti unalo?" Lukmani akamwuliza.

"Ningeazima lako."

Sekela, mke wa Sadoki, aliposhika mimba, hakutaka dawa za picha nyumbani. Lukmani ndiye aliyesema asisumbuke, kwani nyuma ya duka kuna stoo ya zamani isiyo na dirisha. Jumapili tarehe 9 Juni wakachinja mbuzi mweusi, wakala pamoja uani, na Lukmani akampa ufunguo mbele ya wote.

"Chumba chako hiki, rafiki yangu. Pokea kwa mkono wa kulia. Halafu tupige picha, siku kama hii isipotee."

Sadoki akawapiga picha. Alikuwa na furaha kiasi cha kuona haya.

Hodi ya pili ilikuja tarehe 22, saa ile ile. Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyeubandika mdomo kwenye mbao za mlango. Sadoki akajibu karibu. Ya tatu ilikuja tarehe 29, na haikutoka mlangoni. Ilitoka ndani, upande wa pili wa beseni, karibu naye kama mtu wa kula naye sahani moja; na ulimi, ambao kwa mambo ya adabu huitangulia akili, ukasema, "Karibu."

Harufu kali ya dawa ikakatika kama iliyofunikwa, ikaja ya udi, na nyuma ya udi harufu ya damu mbichi. Sadoki akaendelea kuupitisha utepe kwa sababu mikono haikujua la kufanya lingine, mkono wa kulia juu, wa kushoto chini, wa kulia chini, wa kushoto juu, mpaka akatambua kwamba ule wa kushoto umekuwa mwepesi, kwamba ncha ile inapanda na kushuka bila yeye kuipandisha, na kwamba kitu baridi kilicholowa kimeshajiweka taratibu juu ya vidole vyake, kikivibandua kimoja kimoja, kwa upole, kama msaidizi anayemwambia mzee apumzike, na yeye akakiachia, akasimama pale gizani ameishika ncha moja tu, akifanya kazi na mwenzake asiyepumua, mpaka filamu ikaiva.

Zilitoka picha safi kuliko zote alizowahi kusafisha. Kwenye ncha ya kushoto zilibaki alama za vidole vitano, virefu, visivyo na mistari.

Alipofika nyumbani alimkuta Sekela amekaa kitandani, mikono juu ya tumbo lake la miezi sita.

"Bwana, mtoto hajacheza tangu saa saba."

Mkunga Fransiska aliweka sikio kwenye kipimo chake muda mrefu. Akasema moyo wa mtoto unasikika, ila kwa mbali, kama saa iliyofichwa chini ya mto, warudi baada ya siku mbili. Siku mbili baadaye ulikuwa mbali zaidi. Mchungaji akaja kuomba, na katikati ya sala Sekela akanong'ona, "Nani amechoma udi?"

Hapo Sadoki akazitoa picha zake zote, za miaka miwili na nusu, akazitandaza sakafuni kwa tarehe. Hakujua anatafuta nini. Alikuwa karani, na karani akipotelewa hurudi kwenye majalada.

Ilipofika alasiri alikuwa ameona. Katika kila picha, tangu Februari 1972 hadi tarehe 8 Juni 1974, Lukmani alikuwa na hirizi nyeusi mkono wa kushoto, Hamisa shingoni, Bi Kulsumu kwenye kifundo cha mkono. Kuanzia tarehe 9 Juni hakuna aliyekuwa nayo. Akaichukua picha ya karamu, akaipeleka dirishani. Wote walikuwa wakicheka, isipokuwa Hamisa, aliyekuwa akiutazama ufunguo. Na katika chetezo, miguuni pa Bi Kulsumu, zilionekana ncha tatu za kitambaa cheusi zikiungua.

Alikuwa ameipiga mwenyewe. Aliwaambia wasogeane wasitoke nje ya picha.

Lukmani alipoiona picha ile juu ya meza ya duka, hakuuliza ni ya nini. Alirudisha ubao mmoja wa mlango, akanena chini chini.

"Ni jini, lililetwa na babu kutoka Tabora, lilinde stoo. Mali ililindwa kweli. Ujira wake ni watoto. Hamisa amezika watatu, Sadoki. Watatu. Unajua hata makaburi yao yalipo, uliwahi kutupiga picha pale."

"Nilidhani ni homa."

"Na sisi tulikuacha udhani hivyo."

"Sasa hivi mtoto wangu anazimika tumboni. Nikiacha chumba?"

"Chumba si kitu. Umelikaribisha mara tatu kwa kinywa chako, liko nawe."

"Basi nalirudisha kwako!"

"Taratibu, bwana, lisikusikie." Lukmani akatazama nyuma yake. "Kwangu halirudi. Maalim Mwinjuma, aliyetuagiza tuzichome hirizi, alituambia: halifukuzwi, huhama tu. Na halihamii kwa adui wala kwa mtu wa njiani. Umpe mtu ufunguo, mle pamoja, na anayelikaribisha awe anakuamini kwa moyo mweupe. Mimi sasa nakuogopa. Karibu yangu haina thamani."

Sadoki aligeukia mlangoni. Nje lori lilipita limejaa watu wanaohamishiwa vijijini, kuku na vitanda juu yao.

"Kwa hiyo miaka miwili yote," akasema, "mlikuwa mnangoja nikuamini?"

"Mwanzo hapana. Wallahi, mwanzo nilikupenda tu. Halafu yule wa tatu akafa. Nikaendelea kukupenda, na papo hapo nikawa nangoja." Lukmani akajifuta uso kwa kiganja. "Na wewe ni Mkristo. Tulijiambia pengine halitakuona."

"Mlijiambia."

"Ndiyo. Tulijiambia."

Sadoki aliichukua picha yake akatoka. Njia nzima, huku upepo wa baridi wa Ufipa ukimchoma masikio, aliyapitia majina ya watu wanaomwamini kwa moyo mweupe. Hayakuwa mengi. Mmoja alikuwa Sekela. Wa pili hakutaka kumtaja hata moyoni, ila miguu ilikuwa imeshashika njia ya nyumba za walimu. Ni kapera, akajiambia. Hana mtoto, litakosa cha kuchukua. Alijua, hata wakati akijiambia, kwamba hayo ndiyo maneno ya Lukmani kwa herufi nyingine.

Zenon kwa muda mrefu alikuwa amemwomba amfundishe kusafisha picha. Jumapili tarehe 7 Julai alipopewa ufunguo, alichinja jogoo wake wa pekee.

"Leo nimekuwa fundi!" akasema. "Kesho koti nalinunua mwenyewe."

Sadoki alimla yule jogoo.

Mtoto hakucheza wiki ile, wala iliyofuata. Fransiska aliacha kuwaambia alichokisikia. Aliwaambia tu warudi. Ijumaa tarehe 26 Julai Zenon akaja na baiskeli, akaingia akicheka, akamsalimu Sekela aliyekuwa amelala chumba cha pili, kisha akakaa karibu na Sadoki.

"Nina habari, kaka. Zita wa kule Laela unamjua? Ana mimba yangu, miezi miwili. Nimeshapeleka barua kwao, ndoa Septemba. Wewe ndiye utakayepiga picha, na safari hii nitasimama wima."

Sadoki alisikia pumzi za mkewe nyuma ya pazia, fupi, za mtu asiyelala.

"Hongera," akasema.

"Asante. Halafu, kile chumba kina mtani wangu. Jumamosi mbili sasa nipo gizani nabishiwa hodi, najibu karibu, nikitoka sioni mtu." Zenon akamsogelea, uso umejaa ucheshi na, chini ya ucheshi, kitu kidogo kingine. "Ni wewe, sivyo? Niambie ni wewe, maana nilianza kuogopa."

Hodi ya tatu ilikuwa bado. Neno moja lingetosha. Sadoki alimtazama rafiki yake machoni, akaona hakuna shaka yoyote mle ndani, hakuna hata chembe.

"Ni mimi," akasema. "Na kesho nitakuja. Nikibisha, nikaribishe tu."

"Nilijua!" Zenon akampiga bega, akaenda zake akiimba.

Siku ya pili yake Sadoki hakutoka. Alikaa kibarazani, mgongo ukutani, mpaka jua likasimama juu ya paa. Ndipo Sekela akamwita kwa sauti ambayo hakuisikia kwa wiki nne, akicheka na kulia kwa pamoja. Alimkuta ameketi, kanga imemwanguka mabegani. Akaushika mkono wa mumewe akaubandika tumboni. Teke likaja, kisha jingine, lenye nguvu kama la ndama.

"Amerudi! Umemsikia? Amerudi!"

Akainua uso kumtazama.

"Mbona hucheki?"