Mafuta Yanayowasha Koo

Kila asubuhi Kemunto akitoka kazini anakohudumia wazee, humkuta mumewe Mongi akikatakata kachumbari. Wanaishi ughaibuni, mtaa wa Great Barr. Mongi ni Mtunisia. Kiswahili amefundishwa na mkewe, na mwanzoni alikivunjavunja bila huruma. Kwao Tunisia wamelima mizeituni tangu enzi za babu yake. Hawatumii dawa za wadudu wala mbolea ya dukani, ni samadi ya mbuzi tu.

Asubuhi hii Mongi hakuwa na raha.

"Sukhjinder amepiga simu," alisema. Huyo ndiye mwenye duka wanakouzia mafuta ya zeituni ya shamba hilo. "Wateja wamerudisha mafuta mapya. Eti yanawasha koo. Akisikia lalamiko lingine Jumamosi, hachukui tena. Na Baba alisema, tukikosa duka hili, anauza shamba. Mnunuzi yupo tayari."

Kemunto alishtuka, lakini si mtu wa kukaa akilia. Alileta chupa moja ya mafuta ya mwaka jana, laini kabisa, aliyoitoa dirishani mwa duka zilikopangwa chupa zinazoonyesha ndani.

"Nachanganya haya na yale mapya, nusu kwa nusu. Makali yatapoa."

Mara jirani yao Muslimo akabisha hodi. Ni Msomali aliyelelewa Garissa, kisha akafanya kazi miaka kumi Italia katika kiwanda cha kukamua zeituni.

"Karibu chai, Mama Ayan."

"Chai baadaye!" Muslimo alisema alipoona mafuta yakichanganywa. "Dada, mbona unamlaza mzima na mgonjwa?"

Muslimo alionja mafuta mapya, akakohoa, akatabasamu. Akanusa ya zamani, akakunja pua.

"Haya mapya ndiyo mazuri. Zeituni ikichumwa mapema na kukamuliwa upesi, mafuta huwa machungu kidogo na huwasha koo. Lakini haya laini yananuka njugu zilizochacha. Mwanga wa dirisha umeyaharibu."

"Kwani tuyaweke wapi?" Kemunto aliuliza.

"Kwenye mkebe usiopitisha mwanga. Kaza kifuniko. Weka mbali na jiko na dirisha. Ukishafungua, yaishe ndani ya miezi miwili, mitatu."

Mficha uchi hazai. Kemunto alikiri kwamba chupa zile zilikuwa wazo lake. Alitaka watu waone rangi.

Jumamosi aliweka dukani meza ya mkate wa kuonjea mafuta mapya, ambayo sasa yalikuwa kwenye mikebe. Wa kwanza alikuwa Bethuel, muuguzi kutoka Eldoret. Alichovya, akala, akakohoa hadi machozi.

"Haya yameharibika!"

Duka zima liligeuka. Sukhjinder alishika kiuno. Lakini Kemunto hakurudi nyuma.

"Hayajaharibika. Mafuta mapya huwasha hivyo. Sasa nusa haya ya zamani."

Bethuel alinusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Aki, haya ndiyo nimekuwa nikila? Nipe yale ya kukohoa. Mikebe miwili!"

Watu walicheka, wakapanga foleni, wakaonja, wakakohoa, wakanunua. Kufikia saa nane mchana meza ilikuwa tupu. Sukhjinder mwenyewe aliondoa chupa dirishani, kisha akaagiza mikebe mia moja.

Mongi alimpigia baba yake simu akamweleza yote. Mzee akauliza:

"Walikohoa?"

"Walikohoa, Baba."

"Na wakanunua?"

"Yote!"

Mzee aliangua kicheko. "Basi yule mnunuzi wa shamba asije. Kesho napanda mizeituni mingine."