Hotuba ya Bibi Cherehani

Kila Ijumaa baada ya masomo, Chapchap alipitia dukani kwa shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Lilikuwa duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi, lenye kompyuta mbili, benchi la wateja na printa yenye kelele kuliko umbo lake. Jina halisi la Chapchap walilitumia walimu tu. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu aliosha vyombo chapchap, alikula chapchap, na vidole vyake vilipogusa kibodi wateja walisogea karibu ili watazame.

Shangazi alijivunia kasi hiyo, ila alikuwa na sheria moja asiyoilegeza. Mteja akija na flashi yake, kazi yake ichapwe, ifungwe, wala isibaki kwenye mashine.

"Watu wanatuletea mambo yao ya ndani," alikuwa akisema. "Hatuwezi kuyaacha humu kila anayeingia ayasome."

Kwa hiyo kompyuta ilipouliza kama kazi ihifadhiwe, kidole cha Chapchap kilikuwa kimezoea kubonyeza "Usihifadhi" kabla macho hayajamaliza kusoma swali. Tena kila jioni, kabla ya kufunga duka, Shangazi "alifagia mashine". Maana yake ni kwamba alifuta mabaki yote ya kazi za siku hiyo.

Ijumaa moja Shangazi alitoka kwenda kununua wino. Chapchap alibaki na binamu yake, mtoto wa Shangazi, aliyekuwa akipanga karatasi huku anapiga miayo. Mara mlango ukazibwa na magongo mawili, na katikati yake Bibi Cherehani.

Bibi huyu alikuwa jirani yao na mshonaji hodari. Jina hilo alilipata kwa kazi yake, na pia kwa mdomo wake, maana ukishaanza hausimami mpaka uzi uishe. Siku chache nyuma alikuwa ameteleza bafuni akavunjika mguu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nivutie kiti, plasta hii inanielemea. Sasa sikiliza. Kesho mjukuu wangu anaolewa, na daktari amenikataza kusafiri. Basi maneno yangu yataenda badala yangu. Mwanangu anaondoka na gari jioni hii, atayabeba, na huko yatasomwa mbele ya watu. Mimi nasema, wewe unaandika. Nikikuacha nyuma, shauri yako!"

"Wewe sema tu, Bibi. Utachoka wewe kwanza."

Bibi akasema, na kwa muda mrefu. Alieleza jinsi mjukuu wake, alipokuwa mdogo, alivyoshona mkono wa shati kwenye kiuno cha suruali ya mteja, kisha akaificha suruali uvunguni. Alicheka peke yake mpaka magongo yakaanguka. Halafu sauti ikapungua, akaongea juu ya mama wa binti huyo, aliyefariki bila kuiona siku hii. Chapchap alichapa bila kukosa neno.

"Nisahihishie, uniletee nyumbani," Bibi alisema alipomaliza, akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Sitaweza kuyasema tena haya. Leo nimeyasema kwa sababu moyo ulikuwa umefunguka."

Alipotoka tu, akaingia kijana wa chuo anahema, flashi mkononi, anataka ripoti yake upesi kwa kuwa basi lilikuwa linamwacha. Chapchap akafungua, akachapa, akamkabidhi karatasi, kisha akafunga kila kilichokuwa wazi kwenye kioo. Kompyuta ikauliza. Kidole kikajibu.

Alipotaka kurudi kwenye hotuba ya Bibi, kioo kilikuwa kitupu. Akatafuta huku na huku. Hakuwa ameihifadhi hata mara moja, wala hakuwa ameipa jina, kwa vile alidhani angefanya hivyo mwishoni.

"Nimeifuta," alisema kwa sauti ndogo.

Binamu aliacha kupiga miayo. "Ya Bibi? Yote?"

"Yote."

"Usilie bure. Tunga nyingine! Hotuba za harusi zote ni zile zile. Yeye mwenyewe macho yake hayaoni vizuri, atajuaje?"

Chapchap akaanza kuandika. "Ndugu wapendwa, ndoa ni jambo jema. Pendaneni. Heshimianeni." Akasimama. Maneno yalikuwa mazuri, lakini yangeweza kuwa ya mtu yeyote. Yule binti angeketi kesho mbele ya wageni, asikie maneno ya mtoto wa darasa la sita, aamini ni ya bibi yake. Chapchap aliona haya hata kuendelea.

Hapo Shangazi akarudi na boksi la wino. "Leo tufunge mapema," alisema akivuta kiti. "Ngoja nifagie mashine, twende zetu."

Binamu alimkonyeza Chapchap: nyamaza. Mkono wa Shangazi ulikuwa tayari kwenye kipanya.

"Shangazi, usiguse!" Chapchap alipaza sauti mpaka mwenyewe akashtuka. "Nimepoteza hotuba ya Bibi Cherehani. Nilibonyeza Usihifadhi bila kusoma. Nilikuwa naandika ya uongo niipeleke. Nisamehe."

Shangazi aliondoa mkono polepole. Alimtazama Chapchap, akamtazama na binamu, ambaye ghafla alikumbuka karatasi zake.

"Aliongea kwa muda gani?"

"Mrefu, Shangazi. Unamjua Bibi."

"Basi leo mdomo wake umetuokoa. Vuta kiti uone." Shangazi alifungua programu ya kuandikia, akaenda kwenye menyu ya faili, akashuka mpaka sehemu ya kurejesha kazi zilizofungwa bila kuhifadhiwa. "Mtu anapoandika, mashine hii huweka nakala yake yenyewe kila baada ya muda. Ukikataa kuhifadhi, nakala ya mwisho hubaki kwa muda tu. Mimi nikishafagia, hata fundi haipati."

Palikuwa na faili moja isiyo na jina. Shangazi akaifungua, na suruali yenye mkono wa shati ikatokea kwenye kioo. Chapchap aliruka akamkumbatia shangazi yake shingoni karibu amwangushe.

"Hifadhi kwanza, furaha baadaye!"

Akahifadhi, akaandika jina kamili la Bibi. Kisha akasoma mpaka chini, uso ukabadilika. Maneno ya mwisho hayakuwemo. Nakala ilikuwa imewekwa kabla Bibi hajamaliza.

"Mwisho tu huo," Binamu alinong'ona. "Malizia mwenyewe."

"Simalizii," Chapchap alijibu. "Naenda kwake."

Akatoa kurasa zilizopatikana kwenye printa, akaondoka nazo. Alimkuta Bibi ameegemeza mguu juu ya kigoda. Mwanawe alikuwa nje anapakia mizigo garini. Chapchap alisema kila kitu, pamoja na ile hotuba ya uongo. Bibi alimtazama usoni.

"Kwa hiyo ulitaka kunivalisha nguo ya mtu mwingine?"

"Ndiyo, Bibi. Nimekosa."

"Umekosa, kweli. Na umenitia hofu." Kisha akanyoosha mkono akamvuta karibu. "Shangazi yako angekwisha kufuta mabaki, ungekuja na nini hapa?"

"Na machozi tu, Bibi."

"Umeona sasa. Kukosea tunakosea sote. Tofauti ni kusema mapema, kitu kikiwa bado kinaokoleka. Chukua kalamu. Mwisho wangu wa kwanza siukumbuki, nakupa mwingine, na huu ni bora zaidi."

Chapchap akaandika polepole, neno kwa neno, kama Bibi alivyosema: "Mjukuu wangu, humo ndani ya nyumba yako utaharibu vitu, na mwenzako ataharibu. Usifiche uvunguni. Mwambie siku hiyo hiyo, maadamu bado kuna cha kuokoa."

"Nisomee," Bibi aliamuru.

Chapchap akasoma kwa sauti, na mwanawe Bibi akasimama mlangoni na mzigo begani, akisikiliza.