Chuma cha Korido ya Chini

Kwenye kiganja cha Tumpale, mhandisi kijana wa jiji, ghorofa lilianguka tena.

Lilikuwa ghorofa la nuru, dogo kama kikombe, lililochorwa hewani na Mtabiri. Mtabiri alikuwa akili ya mashine aliyejifunza kwa kutazama maelfu ya majengo ya zege yakitikiswa na matetemeko, mpaka akaweza kusema lipi litayumba na kurudi, na lipi halitarudi. Kila jengo la Mbeya mpya lilikuwa na vihisi ukutani, na vyuma vya mshazari vilivyofungwa kati ya nguzo ili lisilale upande. Hili la mtaa wa Nzovwe lilianguka kila mara palepale, kwenye korido ya chini. Kama kufikia jioni halijapata tiba ambayo Mtabiri ameikubali, jiji lingezihamisha familia zote.

Tumpale aliinua pazia la maua mwisho wa korido. Nyuma yake vilibaki vipande viwili tu vya chuma cha mshazari, kingo zimepigwa msasa vizuri.

Sekela, msusi wa ghorofa ya pili, alikuwa amemfuata kimya.

"Nimekata mimi," alisema. "Jeneza la mama lilishindwa kukata kona."

"Dada, si kuna lifti?"

"Tumsimamishe mama yangu kama kabati?"

Tumpale aliona haya kwa niaba ya wahandisi wenzake. Walipiga hesabu ya upepo, ya matangi ya maji, ya vitanda. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja mtu angetoka humu amelala.

"Tukikirudisha, mtakikata tena?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Msiba ukitufika, tutakikata. Bora nikuambie ukweli, mdogo wangu."

Tumpale akaketi kwenye ngazi, akamwomba Mtabiri ajaribu kitu kipya: chuma chenye pini, kinachofunguka kama komeo la geti. Jengo la nuru likatikiswa. Likayumba, likarudi. Likatikiswa kwa nguvu zaidi, likarudi. Sekela akapiga kigelegele.

"Pini zikifunguliwa, jengo ni jekundu, ni la hatari," Mtabiri akasema. "Muda huo asiwemo mtu ndani."

Tumpale akainamisha kichwa. Wazee, watoto, wagonjwa. Nani angewatoa wote?

Sekela alimtazama kwa mshangao, kisha akacheka, machozi yakimlengalenga. "We mtoto, hujawahi kuzika? Siku mama anatoka, hakubaki mtu humu. Hata Bibi Syabumi wa ghorofa ya sita alibebwa mgongoni, aje kumsindikiza."

Tumpale alimwandikia Mtabiri maneno hayo kama yalivyosemwa. Mashine ikayapokea, ikajifunza. Kisha jengo dogo likageuka kijani kiganjani mwake.

Sekela akalivua pazia la maua, akaanza kulikunja.