Aliyezibwa Ndani ya Nguzo

Zege la nguzo ya nyuma lilikataa kupoa.

Faraj, msimamizi wa mafundi, aliligusa akaondoa mkono upesi. Kituo hiki cha zimamoto cha Changamwe kilijengwa enzi za Waingereza, na sasa nguzo zake zilikuwa zikivishwa vyuma na zege jipya ili zihimili tetemeko la ardhi. Nyingine zilishapoa. Hii ilinuka nywele zilizoungua.

"Zege likishika hutoa joto," alisema mhandisi Achieng. "Usinitishe, fundi."

Tusipambe maneno: Faraj alijua sababu si hiyo. Kwao, jengo kuukuu haliguswi mpaka lifukizwe ubani, wenyewe, majini wakaao humo, wapigiwe hodi na kuombwa wapishe, kisha watu wangoje kuche. Rama, fundi mwenzake, alikuwa amemkumbusha asubuhi ile, kabla zege halijamwagwa. Lakini mhandisi alikuwa amesimama pale, na Faraj akaona haya kuonekana mshamba.

"Majini wako waje waombe kibarua," alimtania Rama mbele ya watu. "Mwaga zege, shekhe."

Rama akamwaga.

Adhuhuri, wenzake walipokwenda kula, Faraj alisikia kugongwa. Kulitoka ndani ya nguzo, taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Kisha sauti ikauliza, "Nani kanifunga?"

"Rama," Faraj akasema.

Kugonga kukakoma.

Kesho yake alimkuta Rama kitandani kwake Mjambere, midomo imepauka, anakohoa vumbi la saruji. Hadeel, mkewe, alikuwa akimpangusa.

"Mwalimu wa madrasa kamsomea Kurani, shemeji," alinong'ona. "Huyo aliyemuingia asema kapewa jina lake. Nani wa kumtaja Rama?"

"Wallahi sijui."

Rama alifumbua macho, akamtazama Faraj, kisha akageukia ukutani.

Afadhali angemtukana. Njia nzima ya kurudi Changamwe Faraj alijaribu kujiambia kwamba hofu ndiyo iliyosema, si yeye, lakini kila alipofika hapo alikumbuka kwamba lile jina lilikuwa tayari mdomoni, limekaa tu likingoja kuulizwa, na kwamba hata mbele ya mke wa mtu anayekata roho alikuwa ameapa uongo kwa jina la Mungu, mpaka akajikuta ndani ya kituo, mchana mweupe, kiganja chake cha kulia amekibandika juu ya zege la nguzo ile lililomchoma, naye hakukiondoa.

"Nilidanganya," alisema. "Rama aliomba tungoje. Aliyekufunga ni mimi, Faraj."

Joto likazimika.

Simu ikalia. Aliipokea kwa mkono wa kushoto.

"Shemeji, kaamka," Hadeel alilia. "Kaomba uji."

"Alhamdulillahi," alisema Faraj, machozi yakimtoka, akataka kujipangusa kwa mkono wa kulia. Haukuja. Zege lilikuwa limeshaufunika mpaka kwenye kifundo, baridi, gumu, na huko ndani mtu alikuwa akimshika vidole, kimoja kimoja, kwa upole.

"Karibu, Faraj," sauti ilisema. "Ingia, nikupishe."