Aya Aliyoiruka Nasiri

Mabasi ya Songea na ya Mbeya yalikuwa yameingia kwa pamoja stendi ya Makambako. Wauza mayai walikuwa wakigombea madirisha, na upepo wa mji ule, usiojua kupumzika, ulikuwa unarusha vumbi na mifuko ya nailoni. Hulda alishika kitenge chake kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa mfukoni mwa sweta la kijani alilolifuma mwenyewe, umekamata karatasi. Watu watatu aliowauliza intaneti iko wapi walimwelekeza njia tatu. Wa nne alikuwa kijana mrefu mwenye jaketi la ngozi, anakunywa chai mlangoni.

"Umefika, dada. Kamwene."

"Kamwene. Wewe Mbena?"

"Hapana, kwetu Tanga. Baba alileta malori huku, baridi ikatushika. Hiyo salamu nimejifunza ili wateja wasinikimbie."

Hulda alitaka kucheka, akajizuia. Kijana aliitwa Nasiri. Alikuwa na kompyuta nne katika chumba nyuma ya duka la vipuri la baba yake, na mwaka ule wa 2004 watu walikuja pale zaidi kutuma barua kwa ndugu walioko mbali. Akamkalisha Hulda kwenye kiti cha pembeni.

"Dada, hicho ni kipanya, siyo pasi. Unakikandamiza mpaka kitalia."

"Na wewe njoo ushike mashine yangu ya masweta Yakobi, tuone kama utarudi na vidole vyote."

"Yakobi? Njombe nako intaneti ipo, umeruka yote hiyo?"

"Njombe kila mtu ndugu yangu."

Akatoa karatasi. Ilikuwa ya daftari, na juu yake alikuwa amenakili kwa kalamu ya bluu maneno ya Kiingereza kutoka kwenye barua ya hospitali. Hospitali walichukua kipande kidogo cha nyama, wakakipima, daktari akaeleza, lakini baada ya neno la kwanza masikio ya Hulda hayakusikia tena. Yeye aliishia darasa la saba. Kiingereza alikiona tu kwenye magunia ya mbolea.

"Nataka kujua haya yana maana gani. Ni ya shangazi yangu."

Nasiri akaandika. Ukurasa ukaanza kushuka polepole kutoka juu, mstari kwa mstari. Picha ya titi ilipoanza kutokea, wateja wengine wakageuza shingo. Nasiri alivua jaketi, akalitundika ubavuni mwa kompyuta likawa pazia. Hakusema kitu. Hulda aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Kisha akamsomea, kidole kikifuata mistari juu ya kioo kikiacha alama. Ni saratani ya titi. Hukatwa. Baadaye ni dawa za dripu, nywele hukatika. Wanaowahi wengi hupona.

"Wanaowahi," Hulda akarudia.

Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Walikwisha kuzoeana, chai ilikuwa ikimngoja. Siku ya tatu Nasiri akauliza, vidole tayari juu ya herufi, "Shangazi ana miaka mingapi? Wanatofautisha kwa umri."

"Ishirini na minne."

Alikuwa amesahau kudanganya.

"Hulda," Nasiri akasema taratibu.

"Usiniite hivyo, kama nimeshakufa. Soma."

Jumatatu yake Hulda alitakiwa apande basi la Dar es Salaam kwenda kukatwa. Nasiri alijua: aliambiwa ni safari ya shangazi. Ukurasa uliokuwa mbele yake ulisema kwamba kwa wasichana wadogo uvimbe mwingi si kitu, huweza hata kuondoka wenyewe. Hapo akasoma. Chini yake kulikuwa na aya ya pili. Aliipitia kwa macho, akaondoa kidole kwenye kioo.

"Basi?" Hulda akauliza.

"Basi. Wanasema kwa umri wako mtu asikimbilie kisu. Usubiri, uangalie."

Kidole chake safari hii kilikuwa mfukoni. Hulda aliona. Alikuwa mtu wa kuona. Lakini jibu lile ndilo alilolitaka kuliko chakula, kwa hiyo akaomba achapishiwe ukurasa, akaukunja, na Jumatatu basi likaondoka bila yeye.

Miezi mitatu iliyofuata walipendana. Hulda alinunua simu ya mtumba. Akibipu mara moja ina maana nimekukumbuka, mara mbili ina maana nipigie.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula viazi."

"Na mchana?"

"Viazi. Sisi hatuna vitu vingine, mtoto wa Tanga."

"Nikikuoa utakula pilau mpaka unichoke."

"Nani kasema naolewa na mtu anayelala na soksi?"

Jumamosi alivaa gauni la maua ya njano na kutembea naye hadi stesheni ya reli kutazama mabehewa. Siku moja, akinyoosha mkono kumfunga Nasiri skafu, akahisi kitu kwapani. Kigumu, kama punje ya hindi. Alimaliza kufunga skafu. Akacheka alipotakiwa kucheka. Kesho yake alikwenda peke yake hospitali ya Ilembula, kulekule alikopimwa.

Nesi Beatrisi, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alimkagua, kisha akauliza kwa nini hakwenda Dar. Hulda akamkunjulia ukurasa. Nesi akavaa miwani.

"Nani alikusomea?"

"Mtu anayenipenda."

"Hii ya kwanza ni ya wasiopimwa bado, mwanangu. Ya pili inasema hivi: ukishapimwa ikathibitika, usicheleweshe hata wiki."

Hulda akatoka nje, akasimama kwenye ukuta wenye jua. Akampigia.

"Leo umepiga mwenyewe!" Nasiri akafurahi. "Kuna nini, kipenzi?"

"Aya ya pili inasemaje?"

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu.

"Nasiri, nimekuuliza."

"Nilisoma nikaogopa."

"Ya shangazi ulinisomea yote. Nilipokuwa shangazi ulikuwa unasema kweli. Nilipokuwa mimi ukaanza kunidanganya."

"Niliogopa kukukosa. Sikukuogopea wewe, nilijiogopea mimi."

"Imeshafika kwapani," Hulda akasema, akakata.

Nasiri alipiga mara arobaini. Alikwenda Yakobi, akasimama nje ya ua. Mzee Enoki, baba yake Hulda na mzee wa usharika wa kanisa, alimwambia kwa upole kwamba binti hataki mgeni. Nasiri akarudi, akafunga mlango, akawasha kompyuta. Alitafuta usiku na mchana, akitafsiri kwa mkono wake kila alichokipata, kizuri na kibaya. Aliposhindwa na neno alimfuata mwalimu wa sekondari. Kisha kila asubuhi akawa anapanda kila basi la Njombe linalosimama Makambako kwenda Dar, akikagua viti.

Siku ya tisa alimkuta. Sweta la kijani, kiti cha dirishani. Mama mdogo aliyemsindikiza alikuwa ameshuka kununua chai. Nasiri akachuchumaa kwenye njia ya basi, daftari mkononi.

"Sikuja kuomba msamaha. Nimekuletea yaliyobaki. Kurasa kumi na moja."

Hulda akatazama nje; mama mdogo alikuwa bado kwenye chai.

"Basi linasimama robo saa. Soma."

Akasoma. Dripu zitakuwa ngapi. Mdomo utauma, ale baridi. Mkono utavimba, asibebe mzigo. "Ukifika kwapani, bado kuna dawa. Wengine hupona. Wengine huongezewa miaka. Wengine…"

"Soma, Nasiri."

"Wengine hawaongezewi."

Machozi yalimtoka kijana, si binti. Hulda akachukua daftari, akalikumbatia.

"Sasa najua ninakokwenda. Ungenipa hili zamani."

"Najua. Nitalijua mpaka nife." Akafuta uso kwa mkono wa jaketi. "Nataka kukuoa."

"Umetoka kusoma mwenyewe sasa hivi!"

"Ndiyo maana nauliza leo."

"Baba yangu mzee wa usharika. Wa kwako hakosi swala."

"Tutaoana bomani. Tangazo linakaa ubaoni siku ishirini na moja, mwenye pingamizi aseme."

"Siku hizo mimi nitakuwa nanyonyoka kama kuku."

"Mimi naoa nywele?"

Kicheko kilimponyoka Hulda, kikaishia kilio. Dereva akapiga honi. Abiria waliokuwa wakijifanya hawasikii wakapisha njia. Nasiri akasimama, hajui ashuke au abaki.

"Shuka, utalipishwa nauli," Hulda akasema. Kisha, bila kumtazama: "Kalibandike."

Tangazo lilibandikwa Njombe siku ya Alhamisi. Watu walisoma, wakanong'ona, wakaenda zao. Huko Dar madaktari walisema watajaribu, hawakusema zaidi. Wiki ya pili Mzee Enoki alikuja bomani na koti lake la ibada. Alisoma jina la binti yake, umri, dini, kisha la kijana, neno kwa neno, midomo ikitembea.

Karani akatoka mlangoni. "Mzee, una pingamizi?"

"Ninalo," akasema, akivua miwani. "Lakini ni kwa ugonjwa wa binti yangu, siyo kwa kijana huyu. Mwache aoe."