Gigabaiti Kumi na Sita za Uongo

Simu ilitetemeka mara mbili.

"Kiberiti, hapa Shangazi. Mapacha wamefika kliniki. Mmoja si wa tumbo moja. Wapime."

"Muda?"

"Saa kumi kamili gari la mizigo linaondoka."

Kiberiti alitupia jicho saa yake ya Casio. Saa tisa na dakika tano, alasiri.

Akakata simu na kuiweka sawa miwani puani. Kwenye kona ya fremu kulikuwa na kamera ndogo kama punje ya mtama, na nyuma ya sikio kipaza sauti na spika ndogo. Kila alichokiona na kukisikia Kiberiti kilimfikia Shangazi, mkuu wake katika idara ya usalama, akiwa ofisini. Kifuani alining'iniza kitambulisho cha mkaguzi wa vifaa vya hospitali. Mkaguzi mwenyewe alikuwa amekamatwa asubuhi ile, na mpaka saa hiyo alikuwa bado analia.

Akabisha mlango wa ghala.

Harufu ilimpokea kabla ya watu. Spiriti, jasho, na kitu kingine kilichooza taratibu. Kiberiti aliwahi kulala siku mbili ndani ya mtaro akimsubiri muuza silaha, na hakutapika. Hapa alibana pumzi.

Katikati ya ghala kulikuwa na beseni la kuogea, lile kubwa la majumbani, limejaa maji ya kijivu. Wanawake wanne walikuwa wamelizunguka na miswaki mikononi. Walikuwa wakisugua kadi za grafiki, zile zinazoipa kompyuta nguvu ya kuchora picha, hata zile za ndani ya mwili hospitalini. Kadi kuukuu, zilizochoka kwa miaka ya kufanya kazi bila kuzimwa. Kwenye feni zake kulinasa nywele, mafuta yaliyogandana na mayai ya mende. Mende mmoja alielea majini, miguu juu.

Pembeni, kadi zilizokauka zilibandikwa stika mpya na kutiwa kwenye maboksi yanayong'aa.

"Karibu, dada mkaguzi!" Mhandisi wa hospitali kuu, mtu mnene mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alimfuata mikono wazi. "Mwenzako alituambia atatuma mtu. Weka saini hapa tu, tumalize."

Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mgeni ambaye idara ilimwita Tajiri. Alikuwa na pasipoti nne, na hakuna aliyejua ipi ndiyo yake. Alikuwa anamenya chungwa na kudondosha maganda sakafuni.

"Nitapima kwanza," Kiberiti alisema.

"Upime nini tena?"

"Moja yenu, na moja yangu."

Akafungua begi. Akatoa boksi la kadi halisi aliyoichukua kiwandani kwa mkono wake, mzani mdogo wa jikoni, na flashi.

Mhandisi akacheka. "Mzani? Umekuja kununua nyama?"

Kwenye maboksi, sifa za kadi zile mbili zilifanana neno kwa neno; hao ndio mapacha wa Shangazi. Kumbukumbu gigabaiti ishirini na nne. Umeme wati mia tatu na ishirini. Feni tatu.

Aliweka yake kwenye mzani. Gramu elfu moja mia sita na kumi.

Akaweka yao. Elfu moja na tisini.

"Toleo jepesi," mhandisi alisema haraka.

Kiberiti alichomeka kadi moja baada ya nyingine kwenye kompyuta ya majaribio. Zilipofanyishwa kazi ngumu, yake ilikula wati mia tatu na kumi na nane. Yao iligota kwenye mia na arobaini, feni zikilia kama paka aliyebanwa mlangoni.

Kisha akafungua picha iliyokuwa kwenye flashi. Mapafu ya mtu.

Kwa kadi halisi, doa jeupe lilionekana chini ya pafu la kushoto, kubwa kama tundu la kitufe.

Kwa kadi yao, doa halikuwepo.

Pafu lilikuwa jeusi, safi, zuri.

Hapo akaelewa yote. Kadi ilikuwa na gigabaiti nane tu, na programu yake ya ndani ilichezewa ili itangaze ishirini na nne. Nane zikijaa, badala ya kuzima, ilipaka weusi pale iliposhindwa kuchora. Mapafu yale yalikuwa ya mwalimu wa hesabu. Aliambiwa hana tatizo, aende nyumbani akapumzike. Wiki sita baadaye wakamzika.



"Ulijua?" alimuuliza mhandisi.

"Dada yangu, usikuze mambo. Si kila picha inaharibika."

"Mama yako ungemleta apigwe picha na hii?"

Mhandisi akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mama? Aka! Mama nampeleka nje."

Kiberiti alimtazama kama alivyomtazama yule mende majini.

"Shangazi, umesikia?" alinong'ona.

"Neno kwa neno. Vijana wetu wako dakika tatu kutoka hapo."

Tajiri hakuwa mjinga. Chungwa lilianguka. Bastola ya Glock ilitoka kiunoni.

"Nani Shangazi?"

Kiberiti alipiga teke beseni kwa nguvu zake zote. Maji ya kijivu yaliruka na kumvaa Tajiri usoni, mende na yote. Akapiga kelele, risasi ikatoboa bati la paa. Wanawake wakalala chini.

Kiberiti alinyakua kadi yake halisi, akaizungusha kwa mikono miwili.

Gramu elfu moja mia sita na kumi ziligonga taya.

Tajiri akaenda chini kama gunia.

Mhandisi alikimbilia mlango wa nyuma, akateleza kwenye maganda ya chungwa. Kiberiti akamkalia mgongoni, akachomoa simu mfukoni mwake.

"Kadi zilizokwisha kufungwa ziko hospitali zipi?"

"Sijui! Wallahi sijui!"

Akamshika nywele, akamgeuza, akaielekeza simu usoni mwake.

"Tabasamu."

Simu ikafunguka. Orodha ilikuwa humo. Hospitali kumi na mbili, na tarehe ambayo kila kadi ilifungwa. Akaituma papo hapo.

"Shangazi, inakuja."

Nje, breki za Land Cruiser tatu zililia kwa pamoja. Gari la mizigo halikuondoka.

"Imefika," Shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Kwa tarehe hizi, waliopimwa kwa kadi hizo ni zaidi ya elfu moja mia nne. Tunaanza kuwapigia simu sasa hivi, warudi wapimwe upya. Wengi bado tutawawahi."

"Na wengine?"



"Dada," mhandisi alilia huku akifungwa pingu, "nihurumie, nina familia!"

Kiberiti alimruka bila kumtazama, akatoka juani. Viganja vilikuwa vinanata.

"Kiberiti, umeumia?"

"Hapana."

"Unahitaji chochote?"

"Sabuni," alisema, akaendelea kutembea.