Funga Barua Zako, Nifungue Zangu

"Umefunga barua pepe?"

"Nimefunga."

"Umefunga kweli, au ni kama ulivyosema unakuja kwa baba?"

Simu ikakatwa. Mfasiri akatabasamu peke yake, kisha akanuna haraka, asije akajizoeza vibaya.

Kati ya watu hawa wawili palikuwa na ukuta wa mbao tu. Yeye alitafsiri, mchumba wake, au tuseme aliyekuwa mchumba wake, alihariri, na ofisi ilikuwa yao wote. Mara tatu mhariri aliahidi kwenda kujitambulisha kwa baba yake mfasiri, mara tatu akaja na visingizio. Mara ya tatu mfasiri alivua pete, akaiweka juu ya kibodi ya bwana yule, akahamishia meza yake chumba cha nyuma.

Ikabaki shida ya barua za wateja. Zote zilikaa kwenye kompyuta ya mhariri, na mfasiri alishaapa hatakikalia kiti cha kompyuta ile tena. Akamwita binamu yake, fundi wa kompyuta.

"Mashine zote mbili zina mfumo wa Linux, dada, hiyo kazi ndogo," fundi alisema. "Folda za barua zitabaki kwake, wewe utazifungua kupitia waya wa mtandao. Ila sharti moja: mmoja akifungua, mwingine awe amefunga. Mkifungua wote, mtavuruga kila kitu."

"Kwa hiyo lazima niongee naye?"

"Au mrudiane," fundi alijibu, akakusanya vifaa vyake upesi kabla hajarushiwa kitu.

Basi watu waliokuwa hawasalimiani wakawa wanapigiana simu kutwa.

"Funga, nina mteja."

"Subiri namalizia."

"Unamalizia tangu asubuhi!"

"Umekunywa chai lakini?"

"Nimeulizia barua, chai imetoka wapi?"

Ijumaa moja mteja wao mkubwa alituma mkataba wa kutafsiriwa haraka. Mfasiri akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, kimya.

"Shauri yake," akasema, akafungua.

Kumbe upande wa pili mhariri naye amefungua. Folda ikawa nyeupe pe! Hakuna hata barua moja. Kelele mbili zikapanda kwa pamoja.

"Umefungua!"

"Wewe ndiye umefungua!"

Mfasiri akakurupuka mpaka chumba cha mbele, akampigia fundi.

"Barua zipo," fundi akawatuliza. "Kilichoharibika ni faharasa yake, ile orodha inayoonyesha kila barua ilipo. Fungeni kote kuwili, mfute lile faili la faharasa, mfungue kwenye mashine moja tu. Halafu mtulie, msiguse kitu."

Wakafanya hivyo. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini, taratibu kama unatumwa kwa lazima. Mfasiri akasogea kuutazama, akajikuta ameketi kwenye kiti kile kile.

"Kwa nini hukuja?" akauliza bila kumtazama.

"Nilikuja."

"Muongo."

"Mara zote tatu. Nikifika getini, baba yako anakohoa, nageuza."

"Anakohoa?"

"Kile kikohozi, mpenzi, si cha binadamu wa kawaida."

Mfasiri alicheka mpaka akajishika mbavu. Barua zikaanza kurudi moja moja, na hakuna aliyezitazama. Akachukua simu, akaweka spika.

"Baba, kuna mtu anataka kukusalimia."

Mhariri akamtolea macho, lakini maji yalishafika shingoni.

"Shi... shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ahaa! Ni wewe yule wa shati la bluu, unayefika getini ukatimua mbio?"

"Ndiye mimi, mzee. Samahani."

"Mama yake alisema ni mwizi. Nikamwambia, mwizi gani anatembea na maua? Njoo Jumapili. Geti nitaliacha wazi, na sitakohoa."

Jumapili wakaenda, wameshikana mikono. Mzee alijibana asikohoe, akajibana, mpaka machozi yakamtoka na kikohozi kikamshinda. Aliyeruka kumletea glasi ya maji alikuwa mhariri.

"Kunywa, baba," akasema.

Mzee akanywa, akamtazama, akamsogezea kiti cha karibu naye.